Mfereji wa Nusu Milimita

Jumatatu, 4 Machi
Leo mjomba kanipa nafasi ya kuwa mtu! Karakana yake huchonga vioo kwa mchanga laini unaopulizwa na kompresa, mashine ya kusukuma hewa. Maabara imeagiza kioo chenye mfereji wa kina cha nusu milimita. Si zaidi, si pungufu. Atakayeupata, mashine ni yake. Atakayeshindwa, fagio. Tuko wawili: mimi na mwanawe, tunayemwita Rula kwa sababu hupima hata mkate kabla ya kuula. Maskini Rula!

Jumanne, 5 Machi
Nimegundua kanuni! Nimepuliza mchanga kwenye kifuniko cha bati. Wima: haba. Kiubavu: unachimba kama panya mwenye njaa! Nikaiandika ukutani kwa chaki. Rula anahangaika na vipande vya dirisha lililovunjika. Nikamuuliza anafanya utafiti au usafi. Akajibu kwamba bati na kioo hawakunyonya ziwa moja. Wivu.

Jumatano, 6 Machi
Kiubavu kwenye kioo: ukungu mtupu! Ajabu gani hii? Nimekodolea lenzi mpaka jicho likatoa machozi. Rula akasema bati hukwanguka kama ukoko wa sufuria, lakini kioo hakikwanguki. Kila punje hukitia nyufa, kisha vigamba huruka. Basi kipigwe uso kwa uso. Nikamwambia nilijua, nilikuwa namjaribu.

Mchana nikapiga wima. Kupitisha bomba la mchanga mara moja: sehemu ya kumi ya kina kilichoagizwa. Hesabu ya mtoto! Mara kumi, kazi kwisha. Tukachora grafu ya kina. Mstari wangu umenyooka kama reli. Wa Rula umepinda kama mkia wa mbuzi. Ati mfereji ukizama, kuta zake huinama, mchanga huzigonga kiubavu, na kasi hupungua. Nikamshauri mtu aitwaye Rula ajifunze kunyoosha mstari.

Alhamisi, 7 Machi
Shindano. Nimepitisha mara kumi, nikaita mjomba apime. Theluthi mbili tu ya kina kilichoagizwa! Jasho. Rula yuko mara ya kumi na tano, mweupe kama aliyetoka kwenye gunia la unga. Sikungoja. Nikafungua kompresa mpaka mwisho, hesabu ipate nguvu.

Pfyuu!

Mjomba alichungulia tundu, tukaonana jicho kwa jicho. Akaniuliza kama maabara iliagiza dirisha la sisimizi. Mfereji wa Rula: nusu milimita kamili. Mtoto wa mwenye karakana, mnategemea nini?

Ijumaa, 8 Machi
Fagio. Lakini akili hailali! Nimefagia karakana mara moja, nusu ya mchanga imetoka. Hesabu ya mtoto: mara mbili, sakafu inang'aa! Nikamwendea mjomba na dau. Nikiimaliza kwa mara mbili, mashine yangu. Nikishindwa, nafagia mpaka mwisho wa mwaka. Kakubali kabla sijafunga mdomo. Rula kacheka mpaka kakaa chini, mchangani.

Wivu tu.