Damu Yangu Inakana Korona Niliyougua

Kalemie, Agosti 2021

Bwana Daktari Mkuu wa laboratwari,

Kwa heshima zote, mimi Prospère Kyungu, mstaafu wa reli, nakuandikia kuhusu kipimo cha damu mlichotufanyia mtaani ili kujua nani aliwahi kuugua korona. Karatasi yangu inasema sina kingamwili, yaani damu yangu haina kumbukumbu ya ugonjwa huo. Damu yangu inasema uongo, na naomba isahihishwe kwa sababu hizi.

1. Niliugua mbele ya watu. Mwaka jana nilikohoa mpaka majirani wakahamisha kuku zao. Niliwekewa puani ndakala wa kukaanga, dagaa wetu wa ziwani, sikusikia harufu. Padri aliitwa. Tangu nipone natoa ushuhuda kanisani, na kwenye matanga nilikuwa napewa kiti chenye mgongo.

2. Jirani yangu Barthélemy, ambaye hakupiga hata chafya, na aliyekuwa akitangaza bandarini kwamba korona ni maneno ya redio, amekutwa na kingamwili tele. Sasa kile kiti anakalia yeye, tena anashauri wagonjwa.

3. Nilirudi kwenu kuuliza. Muuguzi Christelle alinieleza kwa upole: "Papa, kinga inaweza kupungua na miezi, kipimo isiione tena. Na mara ingine kipimo inaona kitu yenye haiko." Namshukuru. Lakini kama mashine ina ruhusa ya kukosea, kwa nini hasara iwe yangu na faida iwe ya Barthélemy?

4. Nyumbani heshima imeshuka. Mke wangu Angélique alisoma karatasi, akaendelea kuchambua mchele. Mchele ule uliniumiza kuliko kikohozi. Najua anafikiri nililala wiki zile zote bure, yeye akihangaika peke yake.

Kwa hiyo mnipime tena mpaka mashine ikubali. Au mnihamishie kingamwili za Barthélemy, ambaye hazithamini. Au, na hii ndiyo haki yenyewe, mtaa upige kura nani aliugua. Aliyeonekana amelala, huyo aliugua. Asiyeonekana, hakuugua. Hakuna mashine inayoshinda macho ya mtaa mzima.

Nikingoja jibu lako, nisalimie Christelle, mlinzi wa lango, wagonjwa wote waliopanga foleni, na hata mashine, maana sina chuki nayo.

Wako katika malalamiko,
Prospère Kyungu

Nyongeza: Sijafunga bahasha bado, na Angélique amerudi kutoka kupimwa, na karatasi yake. Anazo kingamwili. Nikamwambia kipimo kimekosea tena, maana yeye hakulala hata siku moja. Akajibu huku akipepea moto wa makaa: "Ni wakati ule ule, Papa. Homa ilinikamata na mimi. Ningelala, nani angekupikia uji?"

Hakuna aliyemwona, hata mimi niliyelala naye chumba kimoja. Bwana Daktari, kura isipigwe. Mashine iacheni kama ilivyo.