Turbo ya Harusi ya Emmanuella

Jumatano, 1 Februari 2012

Siku kumi kabla ya harusi. Gari limefika hapa Schaerbeek juu ya trela: la Kiswidi, la mwaka 1987, lenye turbo, ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini. Nimelinunua kwa mjane mmoja wa Auderghem. Halijawaka kwa miaka mitatu. Mke wangu Bibiane alilitazama dirishani, akauliza kama limekuja kuzikwa.

Marehemu rafiki yangu Mukendi aliniomba jambo moja tu alipokuwa anaugua: binti yake Emmanuella asiende kanisani kwa gari la kuazima. Mwaka 1971, Lubumbashi, yeye ndiye aliyetupeleka mimi na Bibiane kanisani, katika gari tulilounga wenyewe kipande kwa kipande. Nilimwahidi. Sasa Anaclet, mwimba besi wa kwaya yetu, dereva mstaafu wa tramu, anatangaza kwamba gari lake jipya liko tayari "en cas de", yaani likitokea la kutokea. En cas de! Hakutakuwa na cas.

Nimekitoa kitabu changu cha ufundi. Nilitoka nacho Lubumbashi wakati wengine wanabeba mashuka. Kinasema: oili nzito, maji ya bomba. Juu ya turbo hakisemi neno. Bila shaka ni jambo dogo.

Ijumaa 3

Dukani kwa Iddi, muuza vipuri. Mtu wa Uvira, mpole. Alinieleza kwamba turbo huzunguka kwa kasi ya ajabu, inataka oili nyepesi inayofika upesi, hasa kwa baridi hii. Na katika rejeta antigel, dawa ya kuzuia maji yasigande. Nilisadiki. Chupa zote mbili nilikuwa nimezishika. Mlango ukafunguka: Anaclet! Alipaza sauti duka zima lisikie. "Ah, papa Mwenze! Weka antigel, ee! Leo usiku ni moins dix, kumi chini ya sifuri. Hapa si Lubumbashi!"

Nikimfuata, Jumapili kwaya nzima itaambiwa kwamba yeye ndiye aliyetengeneza gari. Nilimrudishia Iddi chupa zote mbili. Nikachukua oili nzito. Iddi alishusha pumzi, akasema bon, ni sawa, papa.

Jumapili 5

Jana nililainisha washa nne za shaba, zile pete ndogo zinazozuia oili isivuje kwenye bomba la turbo. Hutiwa motoni mpaka ziwe nyekundu. Moto uliokuwepo ni wa Bibiane, kando ya sufuria ya sombe, kisamvu chetu. Washa tatu nilizipata. Ya nne iliponyoka kwenye koleo, ikatoweka.

Leo imeonekana. Bibiane alimwalika Anaclet kwa chakula cha mchana (kwa nini?), naye akaiuma. Aliitoa mdomoni, akaifuta, akaiweka mezani mbele yangu. "Papa, pièce yako hii. Sombe ni tamu, lakini iko na mifupa." Bibiane alicheka mpaka akatafuta kiti.

Washa iliyotoka kinywani mwa Anaclet haiingii katika gari langu. Nimekata nyingine kutoka kwenye mkanda wangu wa ngozi. Mukendi alifanya hivyo mwaka 1971, na tulifika.

Jumanne 7

Jana mchana liliwaka! Turbo ilipiga mluzi! Nililiacha barabarani, mtaa mzima ulione.

Leo, kimya. Oili imeshikana kama bukari, ugali wetu, iliyolala. Mipira ya maji ni migumu kama kuni. Ubavuni mwa injini kizibo kimoja cha chuma kimesukumwa nje, na barafu inachungulia kama ulimi. Nimetumia chupa za maji ya moto, blanketi tatu, na mashine ya Bibiane ya kukaushia nywele. Anaclet alipita, akavua kofia kama mbele ya jeneza.

Iddi amekuja kutazama. Anasema nina bahati: kizibo kimetoka kabla injini haijapasuka.

Alhamisi 9

Sikutoka kitandani mpaka saa nne. Emmanuella, anayeniita tonton kama mjomba wake, alipiga simu. Alisema polepole kwamba si lazima, tonton, papa angeelewa. Nilimwambia Mukendi hakuwa mtu wa kuelewa. Nikakata simu, nikavaa ovaroli.

Mezani nilikuta kizibo kipya, oili nyepesi, antigel. Bibiane alisema amenunua mwenyewe na hakushauriwa na mtu. Ushauri wa mke ni jambo jingine. Nilitia vyote. Liliwaka mara moja.

Jumamosi 11

Tulivuka mji kwenda Laeken. Emmanuella kiti cha nyuma, gauni limejaa mpaka kwenye gia. Nyuma yetu magari kumi na mawili, honi zote. Turbo iliimba. Kwenye taa nyekundu aliniwekea mkono begani. Niliitazama taa. Nilikuwa naendesha.

Mbele ya kanisa, harufu ya mbuzi wa kuchoma. Wageni walifurahi. Ulikuwa mkanda wangu, ukiungua kwenye turbo. Oili yote ilimwagika juu ya theluji.

Baada ya misa Anaclet alifunga kamba, akatuvuta mpaka ukumbini, bibi na bwana harusi wakiwa ndani, mimi nikishika usukani. Mtu aliipamba kamba kwa utepe mweupe. Kwa honi zile, nadhani hakuna aliyegundua. Tena Mukendi alisema kwenda kanisani. Juu ya kurudi hakusema neno.

Jumapili 12

Nimekuta karatasi katika mkoba wa Bibiane. Kizibo, oili nyepesi, antigel, lita ngapi, namba gani. Mwandiko wa Anaclet! Bibiane anasema ndiyo, na tena Anaclet alimpeleka dukani kwa gari lake, alors, kuna ubaya gani?

Kwa hiyo nilimbeba binti wa Mukendi kwa maarifa ya Anaclet.

Nimelala chini ya gari, nimeimwaga antigel yote katika ndoo. Nimejaza maji ya bomba, safi kabisa. Mkanda unatosha washa nyingine sita. Redio inasema usiku huu maji yataganda tena. Redio haijasoma kitabu changu.