Mbinu za Kumrudisha Sirpa Nyumbani

Jumamosi, 5 Oktoba
Nyumba kimya. Miaka yote ya kumlea Sirpa nililia nipewe kimya hiki. Enzi hizo muziki wake ulitikisa madirisha, na bafuni alikuwa hatoki. Sasa yuko Vancouver, mtu mzima na kazi yake. Kimya nimekipata. Hakina ladha.

Jirani yangu Orvo wajukuu wamemjaa uani, wanarukia rundo la majani makavu. Kanipungia mkono. Kwa majivuno, naona.

Nimebuni mbinu. Nimempigia Sirpa, nikamwambia chumba chake nakipangisha, aje aokoe vitu vyake haraka. Kajibu, "Sawa baba, gawa tu."

Jumapili, 6 Oktoba
Mke wangu, Tuula, kanikuta sakafuni chumbani kwa Sirpa, nimekumbatia viatu vyake vya kutelezea barafuni. Kauliza kama ndivyo mpangaji anavyoandaliwa chumba. Kisha kasema nimwambie mtoto tumemkumbuka, basi. Mwanamume wa hapa Thunder Bay hasemi mambo hayo.

Jumanne, 8 Oktoba
Mbinu ya pili. Nimemwambia Sirpa mbwa wetu yu mahututi. Akalia. Hilo sikulipanga, lilinichoma. Akataka amwone kwenye video. Nikamfunika mbwa blanketi. Mbwa aliposikia sauti ya Sirpa akaruka na blanketi lake, akaiangusha simu kwenye bakuli la viazi.

Sirpa alicheka sana, kisha akauliza: "Baba, umenikumbuka?"

Nikasema aliyemkumbuka ni mbwa. Akasema basi nimsalimie mbwa. Sikukuu ya Shukrani, Jumatatu ijayo, atakula kwa rafiki zake.

Alhamisi, 10 Oktoba
Orvo kaniambia bata mzinga wao hatatosha, ukoo mzima unakuja. Nikasema hata Sirpa anakuja. Mdomo huu. Orvo akalalamika kwamba siku hizi hata gazeti halisomi kwa kelele. "Chukua wajukuu wawili, kaka, uende nao." Nilikaribia kuchagua.

Jumapili, 13 Oktoba
Nilikuwa napasua kuni za sauna, bafu letu la mvuke. Nikageuka, Sirpa kasimama uani na begi. Kakata nywele. Nikamshika mabega, nikamwambia kuna baridi. "Najua, baba," akasema, akaniegemea. Moshi ukaniingia machoni, ingawa moto nilikuwa bado sijauwasha.

Tuula kaungama: alimpigia Ijumaa, akamwambia tumekukumbuka, njoo. Hayo tu.

Jumanne, 15 Oktoba
Nimemsindikiza uwanja wa ndege. Nilikuwa na neno la kumwambia. Nikamkumbusha kufunga mkanda.

Tuula kasema sasa nimejionea: mtoto anaitwa kwa neno la kweli. Nikaitikia kwa kichwa. Lakini mimi najua aliyemleta ni mbwa. Kosa lilikuwa blanketi.

Krismasi haiko mbali. Leo nimejizoeza kuchechemea mbele ya kioo. Mguu wa kushoto unatia huruma zaidi.