Kiti cha Meno Sebuleni

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimenunua kiti cha daktari wa meno. Kizima, na taa yake ya juu, na kile kibeseni cha kutemea. Kliniki ya mtaa wa nyuma imefungwa, vitu vyake vikapigwa mnada. Watu wakagombania makabati na viti vya plastiki kama watoto. Mimi nikasubiri. Nilipotaja bei ya kiti hakuna aliyepanda juu yangu. Dalali akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia yeye afanye kazi yake. Akagonga meza upesi mno, kama mtu anayeogopa nitabadili mawazo.

Mpango: kukitangaza kwenye soko la simuni, kukiuza kabla ya wiki kwisha, kuchukua faida, kunyamaza.

Hakikuingia mlangoni. Wachukuzi waling'oa mlango, wakauegemeza ukutani, wakaondoka. Kiti sasa kiko kati ya kochi na televisheni. Ukikaa kwenye kochi unaona nusu ya mtangazaji wa habari.

Mke wangu alirudi jioni kutoka kupeleka mzigo. Anashona mashuka na kuyauza kwenye soko hilohilo la simuni, na wateja wake ni watu wa heshima, mpaka hoteli. Alisimama kwenye uwazi wa mlango akauliza mlango uko wapi. Nikashukuru kwamba ameanza na swali dogo.

La pili lilikuwa kubwa. Je, nimesahau Jumapili? Wazazi wa mchumba wa binti yetu wanakuja, kwa mara ya kwanza. Baba ni mwalimu mkuu mstaafu. Sikuwa nimesahau. Sikuwa nimekumbuka tu.

"Wakikikuta hiki kitu hapa," alisema, "utawapokea wewe, ukiwa umelala juu yake."

Jumanne, 5 Machi

Nilitangaza asubuhi. Picha tano, maelezo ya kueleweka: kiti cha daktari wa meno, kizuri, kinafanya kazi. Chai haijapoa, ujumbe huu hapa: tangazo lako limeondolewa, vifaa vya tiba haviruhusiwi.

Haya. Kanuni ni kanuni. Mimi si mkorofi.

Kisha nikatazama ukurasa wa shemeji. Huyu ni mdogo wa mke wangu, anakaa ng'ambo ya barabara, mtaani wanamwita Bosi Mdogo. Naye alikuwepo mnadani, kumbe, nyuma ya nguzo. Tangazo lake liko hewani tangu jana: "Koleo za kung'olea meno. Zimeng'oa mengi." Amezipiga picha juu ya meza ya chakula, pembeni ya mkate. Watu wameweka mioyo.

Mioyo!

Nilivuka barabara nikamuuliza anatumia ujanja gani. Akasema hana ujanja, anaandika kitu kinavyoitwa, basi. Akaniambia kama nimeshindwa nimpe yeye akitangaze, tutagawana. Nikamwambia nilikuwa nafanya biashara yeye akiwa bado anavalishwa viatu. Akakubali kwamba ni kweli, kisha akauliza ile biashara iliishia wapi.

Jumatano, 6 Machi

Nimegundua tatizo. Ni lugha. Soko linaogopa maneno ya hospitali. Kwa hiyo leo sikutaja meno, sikutaja daktari. Niliandika: "Kiti cha starehe. Kinapanda, kinashuka, kinalala chali. Kwa watu wazima tu."

Hilo la mwisho niliweka kwa uangalifu, maana mtoto anaweza kukanyaga kanyagio akajibana vidole.

Tangazo lilidumu hadi mchana. Wateja walimiminika. Mmoja aliuliza kama napokea wageni nyumbani au nawafuata. Mwingine aliuliza umri wangu. Nikajibu hamsini na sita, hakuandika tena. Nilikuwa nashangaa umri wangu unahusiana nini na kiti ujumbe wa soko ulipofika: huduma za ngono haziruhusiwi, hili ni onyo.

Mke wangu aliusoma ujumbe juu ya bega langu. Akasoma na maswali ya wateja. Akarudi kwenye cherehani yake, na mashine ile nimeizoea, najua ikikanyagwa kwa hasira.

Za shemeji bado zipo. Ameongeza na mashine ya kutobolea meno. Ameandika kwamba haijaoshwa.

Alhamisi, 7 Machi

Kama sheria ipo, imshike kila mtu. Huo ndio msimamo wangu, na si wivu. Nilibonyeza palipoandikwa "ripoti" chini ya koleo za shemeji. Jibu: tumelichunguza tangazo hili, halijakiuka kanuni zetu.

Nikaripoti tena, labda aliyechunguza alikuwa amesinzia. Halijakiuka. Nikaripoti mashine ya kutobolea. Halijakiuka. Nikaripoti mkate, kwamba ni chakula kisicho na tarehe ya kuharibika. Mkate ukaondolewa! Yaani shemeji alitakiwa akate picha upande wa mkate, koleo zibaki. Akakata. Zikabaki.

Mchana tangazo lake lilipanda juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa sababu, wanasema, linatazamwa sana. Mtazamaji alikuwa mimi.

Jioni wakanifungia akaunti. Sababu: kuwasumbua watumiaji wengine. Niliandika malalamiko marefu, ya mtu mwenye akili zake, nikiuliza kwa nini kiti cha kukalia ni kosa na koleo zenye damu ya watu si kosa. Wakajibu kwamba wamefurahi kusikia nimeridhika na huduma.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimefanya jambo ambalo asubuhi lilionekana zuri.

Mke wangu alipokwenda kuoga nilichukua simu yake. Akaunti yake ni safi, ya miaka, haina hata doa. Nikawaza: soko halitaki kuona kiti. Basi lisikione. Nikakilaza kiti chali, nikakifunika kwa shuka lake jeupe jipya, nikapiga picha. Nikaandika: "Shuka zuri. Kinachoonekana chini yake kinakwenda pamoja na shuka. Mteja aje na gari na watu wa kubeba. Tusiulizane maswali mengi."

Nikarudisha simu mahali pake, nikakaa kusubiri bahati.

Kilichokuja ni ujumbe: uuzaji wa miili ya binadamu hauruhusiwi. Akaunti imefungwa.

Niliitazama ile picha tena. Kwa kweli, ile sehemu ya kuegemeza kichwa. Na miguu.

Mke wangu alipata habari kwa mteja wake wa hoteli, aliyempigia kuuliza, kwa adabu sana, kama ile oda ya mashuka bado ipo au ana matatizo ya kifamilia. Nilijua atapiga kelele nikajiandaa. Hakupiga. Alikaa kwenye kiti, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, akatazama juu kwenye taa.

"Miaka yote nauza mashuka," alisema, "hakuna mtu amewahi kuniuliza marehemu ni nani."

Kisha akafuta macho kwa upindo wa lile shuka. Nilitaka kusema kitu. Kila nilichokifikiria kilikuwa na neno "lakini" ndani yake. Nikatoka nje nikaanza kuupiga mlango msasa, ingawa haukuhitaji.

Jumamosi, 9 Machi

Binti alikuja kusaidia kusafisha. Mama yake alimsimulia yote, naye binti akaniangalia kama ninavyoangalia ankara ya umeme. Akachukua simu, akawaandikia soko mistari miwili. Kabla hajamaliza kufagia wakajibu: wanaomba radhi kwa usumbufu, akaunti imefunguliwa, na tangazo limerudishwa. Lile lile. Lenye mwili.

Mke wangu alilifuta mwenyewe. Lakini tayari mtu alikuwa ameuliza kama bei inapungua.

Akaunti yangu mimi haikuombewa. Nilipouliza kwa nini, binti akasema mistari miwili haitoshi.

Fundi seremala alikuwa ameitwa mapema kurudisha mlango, na mke wangu amesema ukishafungwa hauguswi tena, hata nyumba ikiwaka moto. Kwa hiyo kiti kimo ndani na mlango umefungwa. Tumekiwekea kitambaa cha meza na chombo cha maua. Kinaonekana kama kiti cha daktari wa meno mwenye huzuni.

Jumapili, 10 Machi

Wageni walifika mapema. Mama mkwe mtarajiwa ni mcheshi. Mwalimu mkuu ni mrefu, amenyooka kama rula, mtu wa maneno machache. Aliingia, akatazama kochi, akatazama kiti, akaondoa chombo cha maua kwa mikono miwili, akaketi kwenye kiti.

Nilisogea kumwonyesha kochi na mguu wangu ukakanyaga kanyagio. Mwalimu mkuu akaenda chini taratibu, kichwa nyuma, miguu juu, huku akitutazama mmoja mmoja tulivyokuwa tukipita mbele ya macho yake. Binti alifunika uso. Nilitafuta kanyagio la kurudisha nikalikosa, nikawasha taa.

"Iache," alisema mwalimu mkuu.

Tukaiacha. Akafumba macho. Mkewe akatueleza kwa sauti ya chini kwamba mgongo unamsumbua tangu alipostaafu, analala kwa shida, amejaribu magodoro ya kila aina. Tulikunywa chai. Tulizungumza ya watoto, wataishi wapi, mambo yataanza lini. Kila tulipofika pagumu tulinong'ona ili tusimwamshe, na ukinong'ona ni vigumu kugombana. Mpaka chai inakwisha tulikuwa tumekubaliana yote.

Alipoamka alinyoosha shingo huku na huku kama haamini. Akauliza kiti hiki kinapatikana wapi.

Nilifungua mdomo kutaja bei. Mke wangu akanikanyaga, na yeye hakukosa mahali.

"Ni chenu," aliwaambia. "Tulikuwa tunawawekea."

Binti alimkumbatia mama yake. Mimi nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Shemeji akaja na gari la rafiki yake, akafungua bawaba za mlango kwa bisbisi, kiti kikatoka bila mkwaruzo. Mke wangu hakukumbuka la nyumba kuwaka moto.

Jumatatu, 11 Machi

Shemeji alikipiga picha kiti kikiwa juu ya gari. Akaiweka sokoni: "Kiti cha daktari wa meno. Kimeshachukuliwa." Ipo mpaka sasa. Watu wanamwandikia wakilia kwamba wamechelewa. Koleo zake zimeuzwa, kwa mtu wa bustani.

Sebule ni kubwa mno. Mtangazaji wa habari kumbe ana mikono.

Jumanne, 12 Machi

Dalali amenipigia simu, mimi, kabla ya mtu mwingine yeyote. Huko kliniki imebaki mashine ya eksirei. Anasema amenifikiria moja kwa moja. Si kila mtu hupigiwa simu namna hiyo.

Nimekaa nimetafakari wiki yote hii kwa utulivu, bila hasira, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye akaunti. Yangu ilikuwa na historia, ya mke wangu ilikuwa na mashuka. Inatakiwa ya mtu asiyeshukiwa na yeyote. Mwalimu mkuu mstaafu, kwa mfano. Hata akaunti hana, nitamfungulia.

Nimemwambia mke wangu nakwenda kumjulia hali mkwe, nione mgongo unaendeleaje. Amefurahi sana. Amenipa na shuka nimpelekee. Nitasubiri alale kwenye kiti, kisha nitaiazima simu yake kidogo.

Na sitaandika eksirei, mimi si mtoto. Nitaandika kamera. Hata sitakuwa nimedanganya.