Mara ya Kwanza Daktari Hathorne Kusema Kweli

Asubuhi ya kwanza ya mkutano wa madaktari wa saratani, pale Chicago, Daktari Lyle Hathorne alisimama mgahawani na sahani yake ya mayai, macho yakizunguka kama ya mwewe. Podikasti yake ilisikilizwa na wagonjwa laki mbili, na kila kipindi alikifungua kwa sauti ya asali: "Ndugu msikilizaji, sina maslahi yoyote ya kifedha katika dawa nitakayoizungumzia." Uongo huo ulikuwa umemnunulia nyumba ya mapumziko kando ya ziwa, Wisconsin, pamoja na mashua aliyoipenda kuliko mke wake wa pili.

Mwanamke mmoja alikuwa amekaa peke yake, kifuani ana beji ya kampuni ya dawa ambayo Lyle hakuwahi kuisikia. Kampuni changa! Mate yakamjaa mdomoni.

"Bibie, naona mna dawa na hamna wa kuisemea."

"Corinne Pasek," mwanamke akajitambulisha. "Tunayo, Daktari, ya saratani ya kongosho. Ila kukulipa siwezi. Nikikununulia hata sandwichi, sheria inataka jina lako lianikwe mtandaoni."

"Usinitoneshe kidonda asubuhi yote hii."

"Lakini nani atajua ukinunua hisa zetu mwenyewe, kwa jina la shemeji yako? Sasa hivi ni bei ya kutupa. Ukiisifu hewani, kesho yake zinapaa."

Lyle alimwonea huruma. Maskini, anamfundisha samaki kuogelea!

"Na utafiti wenu?"

Corinne akamsogezea kijitabu kinachong'aa. Lyle akasoma jalada, likamridhisha.

Mwezi haujaisha, nyumba ya ziwani ikauzwa, mashua nayo, na fedha zote zikageuka hisa. Jumanne akaisifu dawa ile kwa dakika arobaini, mpaka mwenyewe machozi yakamlengalenga.

Jumanne iliyofuata kulikuwa na kipindi cha moja kwa moja, cha kupokea simu za wasikilizaji. Dakika chache kabla hakijaanza, fundi wake wa sauti, Gus Petrakis, akaingia studio akijikuna kichwa.

"Bosi, kuna mgonjwa anaulizia ile dawa inapatikana wapi. Nimepiga namba ya kampuni. Wanauza donati."

"Donati?"

"Wanasema za mdalasini ndizo zinazokwenda sana."

Lyle akapiga namba ya Corinne. Haipatikani. Akafikiria polisi, kisha akajiuliza atawaambia nini: kwamba aliwasifia wagonjwa dawa asiyoijua, ili hisa alizozificha zipande bei? Akaketi mbele ya kipaza sauti, hana nyumba, hana mashua, na hisa zake ni za kampuni isiyokuwepo.

Taa nyekundu ikawaka. Simu ya kwanza ilikuwa ya mwanamke.

"Daktari, mwaka juzi mama yangu aliuza gari anunue dawa uliyoisifu. Haikumsaidia kitu. Amekufa bado anakusikiliza."

Sauti ile Lyle aliijua. Mara ya mwisho aliisikia mbele ya sahani ya mayai.

"Pole sana, bibie," akasema kwa taabu.

"Nimeshapoa. Nataka jambo moja tu. Hii dawa mpya unayoisifu, una maslahi nayo?"

Gus alikuwa anamtazama kupitia kioo. Wagonjwa laki mbili walikuwa wanangoja.

"Hapana," Lyle akajibu. "Sina hata senti moja."

"Ahsante, Daktari," mwanamke akasema. "Leo nimekuamini."