Kliniki ya Wacheza Kamari

Wazo lile lilimjia Profesa akiwa hana suruali. Alikuwa nyuma ya pazia dukani kwa fundi cherehani, akisubiri kubadilishiwa zipu, ndipo akamsikia fundi mwenyewe, mama mwenye duka, akimlalamikia mteja.

"Mume wangu zamani alibeti kujifurahisha, shoga. Siku hizi anasema ni kazi. Kazi gani hiyo, mshahara unaulipa mwenyewe?"

"Wangu ndiye usiseme. Angetokea wa kuwatibu, ningemlipa hata leo."

Pazia likasogea, kikachomoza kichwa. "Dada zangu, mtu huyo ni mimi."

Hakuwa profesa wa chochote. Jina alijipa mwenyewe, baada ya kuona hakuna anayejitolea kumpa. Lakini mdomo alikuwa nao, na kabla suruali haijamrudia alikuwa ameshapewa chumba cha nyuma na kuahidiwa ada ya wagonjwa watatu: fundi ujenzi, ambaye ni mume wa mwenye duka, dereva teksi na muuza nyama.

Siku ya tiba alisimama kifua mbele, mfuko umetuna kwa ada. "Kamari ni burudani kama sinema. Unalipa, unacheka, unakwenda zako. Ukiitegemea ikulishe, itakula wewe."

Maneno matamu, hata yeye yalimgusa. Wagonjwa walikuwa wakitazama ukuta wa mbao, ambako mijusi wawili walikuwa wakipanda.

"Yule asiye na mkia atatangulia," dereva alinong'ona.

"Weka hela," akasema muuza nyama.

Profesa akaona riziki imemfuata mpaka darasani. "Vizuri! Tufanye zoezi. Nitacheza nanyi, muone mtu anavyopoteza."

Akacheza, akashinda. Akarudia, akashinda tena. Jasho likamtoka, macho yakamng'aa. "Kwangu hii si bahati, ni taaluma!" alipiga kelele, akaweka ada yote kwa mwenye mkia.

Fundi ujenzi akakohoa. Mwenye mkia, akiwa karibu kabisa na dari, akageuka ghafla na kushuka mbio kama kaitwa nyumbani.

Upande wa pili wa ukuta, mwenye duka aliuweka chini mkasi aliogongea ubao. Tangu mwanzo alijiuliza ni tabibu gani anayepatikana nyuma ya pazia bila suruali, akapanga na mumewe wamtege kwa mijusi wa ukutani, kikohozi kiwe ishara, ili kila mke arudishiwe pesa yake. Mume alikubali kwa kicheko. Lakini alipomwona Profesa akimbembeleza mjusi kwa machozi, "Panda baba, panda mpenzi wangu," kicheko kilimkauka. Alijiona mwenyewe. Jioni hiyo alimkabidhi mkewe simu, akamwomba amfutie kila kitu cha kubetia.

Asubuhi Profesa aligonga mlango, saa ya mkononi kaiuza. "Nifungulie, dada. Leo narudisha zote."

Fundi ujenzi ndiye aliyefungua. Alimtazama, akamvutia kiti. "Karibu, ndugu yangu. Kaa. Nyumbani kwenu tumpigie nani?"

Profesa alikaa. "Mama," alisema kwa sauti ndogo.

Simu ikapokelewa mara moja. "Huyo tena?" mama aliuliza. "Safari hii anachezea nini?"

"Mijusi, mama," alijibu fundi ujenzi.

Ikasikika pumzi ndefu. "Mshukuruni Mungu, wanangu. Ile ya konokono tulisubiri matokeo mpaka siku ya pili."