Ligi ya Nne Kufika Crow Hollow

Lyle Vandermark alikosa mambo kadhaa yanayomfaa mtu anayeanzisha ligi ya kulipwa ya lakrosi. Hakuwa na wachezaji. Hakuwa na uwanja, wala mpira, wala hata fimbo moja yenye wavu wa kudakia huo mpira. Mchezo wenyewe hakuwahi kuutazama mpaka mwisho. Alijaribu mara moja, akasinzia. Ofisi yake ilikuwa kibanda cha simu nje ya duka la dawa mjini Buffalo, na hata hicho alikigombania kila asubuhi na bibi mmoja aliyependa kuongea na dada yake. Na aibu, ambayo wengi wetu tumegawiwa angalau kijiko kimoja, yeye alirukwa kabisa.

Alichokuwa nacho ni suti ya rangi ya maziwa, sauti ya mhubiri, na pua ya kunusa pesa. Pua hiyo ndiyo iliyomgeuza kitini siku moja mgahawani, aliposikia meza ya nyuma ikinung'unika. Walionung'unika ni Wojnarek, mtengeneza soseji, na DiFazio, muuza magari yaliyotumika. Wote wawili walikuwa na pesa, na wote wawili waliumia kwamba wenye timu za hoki hawakuwasalimu.

"Samahani, wazee," alisema Vandermark. "Nimesikia mkitaja timu. Mnataka kununua, au mnapiga soga tu?"

"Wewe nani?"

"Kamishna."

"Wa polisi?" aliuliza DiFazio, haraka kidogo kuliko inavyompasa mtu mwema.

"Wa ligi."

Kabla kahawa haijapoa, Wojnarek alikuwa mmiliki wa timu ya Buffalo, na DiFazio wa timu ya Rochester, kila mmoja kwa dola elfu ishirini taslimu. Lakini mtu aliyezeeka akiuza magari mabovu haamini hata kivuli chake.

"Pesa zikae kwenye mkoba wako," alisema DiFazio, "na mkoba ukae mbele ya macho yetu mpaka tuone mechi ya kwanza."

Kwa hiyo kamishna akahitaji mechi, na upesi. Akaenda Crow Hollow, nje kidogo ya mji, kwenye ardhi ya Wahaudenosaunee, wenyeji wa asili wa nchi ile, ambako mtoto hupewa fimbo ya lakrosi kabla ya viatu. Huko aliambiwa kwamba mambo ya namna hiyo huzungumzwa na Shangazi Velma Jimerson. Akamkuta anamenya viazi.

"Mama, nimekuja kuwatajirisha vijana wako," alianza Vandermark.

"Karibu. Wewe ni wa nne." Velma hakuinua macho. "Ligi ya kwanza ilikufa kwa sababu wenyewe walisahau kulipia ukumbi. Ikatuachia mbao za uzio. Ya pili ilikufa katikati ya msimu, ikatuachia taa. Ya tatu, sijui hata kama ilizaliwa, lakini mabenchi yake ni mazuri sana. Wewe utatuachia nini?"

"Mimi? Mimi ninakuja kukaa!"

"Wote walikuja kukaa, baba."

Akampeleka nje kumwonyesha uwanja. Mbao zilisimama, taa zilining'inia, mabenchi yaling'aa, na juu yake kulikuwa na mawingu matupu. Kila mwaka theluji ilipoanza Novemba uwanja ulikufa hadi Aprili, na vijana wakahamia baa ya barabara kuu. Velma alikuwa amezika wawili waliotoka huko wakiendesha gari wamelewa, mmoja wao mtoto wa kaka yake. Ndugu wa mtoto huyo, Chauncey, alikuwa fundi wa kuunganisha vyuma vya maghorofa ya New York. Vyuma alikwisha kuvipata. Vilikuwa vimelala nyuma ya nyumba yake, vikingoja pesa za mabati na za kukodi winchi.

"Tunataka paa," alisema Velma.

"Ligi yangu itawapa paa la dhahabu!"

"La bati linatosha."

Siku ya mechi vijana wa Crow Hollow waligawanywa, nusu Buffalo, nusu Rochester, na watu walijaa. Vandermark aliketi katikati ya wamiliki wake wawili kama nyama ndani ya mkate, mkoba katikati ya miguu. Basi la kwenda Florida lilikuwa linapita njia panda saa kumi na moja jioni, na ilikuwa saa kumi. Alisema anakwenda kununua bisi. Wojnarek akajitolea kwenda. Alisema anakwenda msalani; DiFazio akasema naye amebanwa. Ndipo kamishna alipotumia silaha yake ya mwisho. Kabla filimbi haijapulizwa, alishika kifua, akapiga ukelele, akaanguka, mkoba mkononi.

"Nakufa! Niacheni… nitembee peke yangu… mpaka njia panda… nipate hewa!"

"Iteni gari la wagonjwa!" alipayuka Wojnarek.

"Hapana, hospitali hapana!"

Velma aliinama juu yake. "Unaumwa kweli, bwana?"

"Naumwa sana, mama."

"Unaomba tukusaidie?"

"Naomba! Kwa moyo wangu wote!"

Angeanguka mahali pengine popote katika jimbo lile, uongo huo ungemfikisha Florida. Lakini Crow Hollow ilikuwa na mchezo huu kabla ligi yoyote haijafikiriwa, nao haukutolewa kwa ajili ya tiketi. Ulitolewa na Muumba, na mgonjwa akiuomba, unachezwa kwa ajili yake, uwe dawa. Hakuna anayemuuliza kama anastahili. Mzee mmoja alisimama, akasema maneno machache kwa lugha yao, na mechi ya ligi ikaishia hapo. Walionunua tiketi wakarudishiwa pesa mlangoni. Fimbo za plastiki zikawekwa kando, zikatolewa za mti, na wanaume wote, wajukuu na babu zao, wakatoka kwenda kwenye nyasi za nyuma.

Vandermark akawekwa kwenye kiti ukingoni, amefungwa blanketi mpaka kidevuni, amezungukwa na mabibi.

"Unaisha saa ngapi?" alinong'ona.

"Unapoisha," alijibu bibi mmoja. "Mgonjwa haondoki."

Katika mchezo wenyewe hakukuwa na utani, na sitautania. Walikimbia kama watu waliotumwa. Babu mwenye goti bovu alifunga goli, na aliyefungwa akamshika bega. Kwa mara ya kwanza maishani Lyle Vandermark aliutazama mpaka mwisho. Katikati yake aliona basi la Florida likipita taratibu barabarani, taa zake zimewashwa, na chozi likamtoka. Mabibi wakatazamana kwa kuridhika: dawa imeanza kufanya kazi.

Baadaye wakampa mpira uliochezewa uwe wake, watu wakaketi kula supu ya mahindi. Wojnarek alimaliza bakuli la pili, akafuta mdomo.

"Sasa, kamishna. Mechi haijachezwa, tiketi zimerudishwa. Pesa zetu zinafanya nini humo?" Akaufungua mkoba. Juu ya noti, imekunjwa vizuri, kulikuwa na nguo ya kuogelea yenye picha za minazi. DiFazio akaiinua kwa vidole viwili.

"Kwani hajawaambia habari za paa?" aliuliza Velma.

"Paa gani?"

"La uwanja wa ligi yenu. Mnadhani hata alipoanguka hakuuachia mkoba kwa nini? Fundi ndiye huyu, na vyuma viko tayari. Au nasema uongo, bwana kamishna?"

Vandermark alimtazama Chauncey, mabega yake mapana kama mlango. Akamtazama DiFazio, ambaye alikuwa anakunja mikono ya shati. Akauona mlango mmoja tu, nao Velma alikuwa amemshikia wazi.

"Husemi uongo, mama," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwamwa na mfupa.

"Na nguo ya kuogelea?" aliuliza DiFazio.

"Mvua," alisema Vandermark. "Uwanja hauna paa."

DiFazio alifikiri, akaona jibu lina maana. "Majina yetu yataandikwa?"

"Kwa herufi kubwa," alisema Velma.

"Wapi?"

"Juu kabisa. Ndege zote zitayasoma."

Wamiliki wakapeana mikono, macho yamewalowa. Mkoba ukapita kwa Chauncey. Nguo ya kuogelea ikarudishwa kwa mwenyewe.

Chauncey alimpeleka mgonjwa njia panda bila kumdai nauli. Inasemekana Vandermark alikiri kwamba kifua hakimuumi tena na anajisikia mwepesi, na kweli alikuwa amepungua dola elfu arobaini. Ligi yake ilikufa Julai bila kucheza hata mechi moja. Gazeti liliipa mistari miwili. Paa lilikamilika Oktoba. Wojnarek na DiFazio huleta wageni kuona majina yao, na Chauncey huwashikia ngazi.

Theluji ilipoanza, vijana walikuwa ndani, na kelele zao zilifika hadi jikoni kwa Velma. Alikuwa amesoma gazetini kwamba bwana mmoja wa Hamilton, ng'ambo ya mpaka, anaanzisha ligi ya kulipwa yenye timu sita. Akatoa karatasi nzuri, akavaa miwani.

"Mheshimiwa," aliandika, "tumepokea habari zako kwa furaha. Wachezaji tunao, na paa tunalo. Vyumba vya kubadilishia nguo vyenye maji ya moto hatuna, lakini hatudhani ligi kubwa kama yako inaweza kucheza bila hivyo."

"Huyu naye ni tapeli, Shangazi?" aliuliza Chauncey, akisoma begani kwake.

"Bado sijui. Lete stempu."

Akalamba bahasha, akaikandamiza kwa ngumi mara mbili, akamtuma aiwahishe kwenye gari la posta.